Kutulia Si Kuamini: Somo Kutoka kwa Kasuku Aliyejinyonyoa Manyoya



Mpendwa kijana mwenzangu, leo sianzi na mtakatifu wala na mwanafalsafa. Naanza na ndege. Najua wengine mtasema, "Frateri ameishiwa mada." Vumilia kidogo, tutafika.

Niko parokiani kwa mwaka wangu wa kichungaji. Wiki ya kwanza ya Kwaresima, familia moja ya hapa ilihamishwa kikazi ikamwachia Paroko kasuku wao mdogo. Siyo wale wakubwa wa kijivu wanaoongea. Ni wale wadogo wenye asili ya Australia, kama sentimita 18 hivi ukijumlisha na mkia. Huyu ni wa kijani, kichwa cha njano chenye mistari myeusi. Watoto wa ile familia walimwita Chiku.

Chiku alikuja na kifua kitupu. Ngozi ilionekana, ina vidoa vyekundu, na manyoya machache yaliyobaki yalikuwa yametafunwa ncha. Mwenzake waliyekaa tundu moja alikuwa amekufa miezi michache kabla, na tangu hapo alianza kujinyonyoa. Ukipita karibu anajirusha kwenye nyaya za tundu mpaka unaogopa atavunjika bawa. Paroko alimwangalia, akaniangalia na mimi, akasema: "Frateri, wewe umesoma falsafa miaka mitatu. Huyu ni wa kwako."

Kosa langu la kwanza

Nilitaka kummaliza hofu kwa siku moja. Nikafunga mlango na madirisha, nikachukua taulo, nikamkamata. Moyo wake ulikuwa unapiga kwa kasi ambayo sijawahi kuisikia mkononi mwangu. Nikamshika vizuri tu, bila kumbana, nikawa namwambia maneno ya upole. Baada ya kama dakika tano akaacha kupigana. Akatulia kabisa, macho wazi, hatikisiki.

Nikafurahi jamani! Nikamwita mama wa jikoni aje aone: "Mama, ameshanizoea." Mama akanijibu kwa kifupi, "Mwanangu, hata kuku ukimshika miguu hutulia." Sikumsikiliza.

Asubuhi nilikuta manyoya mapya chini ya tundu, na tone la damu kwenye kijiti anachosimamia.

Nikampeleka kwa daktari wa mifugo. Nilipomweleza nilivyofanya na jinsi ndege alivyotulia, akatikisa kichwa. Akanieleza kwamba ndege mdogo ni mawindo ya wanyama wengine. Akishikwa na kuona hana pa kutokea, hukauka, kwa sababu ndiyo mbinu yake ya mwisho. Ule utulivu haukuwa amani hata kidogo. Ilikuwa hofu iliyokosa mlango.

Maneno hayo yalinichoma kwa sababu nyingine, nitakwambia chini. Kwanza tumalize habari za Chiku, maana najua baadhi yenu mnafuga hawa ndege na mnateseka nao.

Anza kwa daktari, si kwa ushauri wa kuokoteza

Ndege anaweza kujinyonyoa kwa sababu ya huzuni, upweke au kukosa kazi ya kufanya. Lakini pia anaweza kuwa na utitiri, maambukizi ya ngozi, ugonjwa wa ini, au lishe mbovu ya mbegu tupu kila siku. Kwa kasuku wadogo kama Chiku, kujinyonyoa hakuonekani mara nyingi kama kwa wale wakubwa, kwa hiyo ni lazima ugonjwa utafutwe kwanza.

Daktari alinionyesha mambo mawili ya kuangalia. La kwanza, usichanganye kujinyonyoa na kubadili manyoya. Ndege anayebadili manyoya hubaki amefunikwa, na ukichungulia utaona vijiti vidogo vya manyoya mapya vikichipua. La pili, angalia kichwa. Kichwa kikiwa na manyoya yote na kifua kitupu, basi huenda anajinyonyoa mwenyewe, kwa sababu mdomo wake haufiki kichwani. Kichwa kikiwa na kipara, tafuta ugonjwa, au ndege mwenzake anayemnyonyoa.

Kichwa cha Chiku kilikuwa kizima. Utitiri haukuonekana. Daktari alitupa dawa ya vile vidonda na orodha ya mambo ya kubadilisha. Hakuna hata moja lililohusu kumshika.

Kabla ya kuzoeana, mpe maisha

*Mahali.* Tundu lilikuwa kwenye korido, kila mtu anapita, na moshi wa mkaa unatoka jikoni. Tukalihamishia kwenye kona ya sebule ndogo, ukuta nyuma yake, mbali na moshi na jua kali. Ndege mwenye ukuta nyuma anajua hatari haiwezi kutokea upande ule.

*Usingizi.* Kila siku saa 12 jioni nilikuwa nafunika tundu kwa khanga, nikiacha upande mmoja upitishe hewa, na kulifunua alfajiri. Kasuku wadogo wanahitaji saa 10 hadi 12 za giza na kimya. Kule koridoni taa ilikuwa inawaka mpaka usiku wa manane. Nani asingechanganyikiwa?

*Chakula.* Tuliendelea na ulezi na mtama, tukaongeza sukuma wiki na karoti iliyokunwa. Siku nne hakugusa. Ya tano akaonja. Kumbuka: parachichi na chokoleti ni sumu kwake, hata kidogo usimpe.

*Kazi.* Porini ndege huyu angetumia sehemu kubwa ya siku akitafuta chakula na kuruka na kundi. Kwenye tundu chakula kipo bakulini, kundi halipo, na mdomo hauna kazi. Ndipo unaanza kufanya kazi juu ya mwili wake mwenyewe. Nikamtundikia gunzi la mahindi alitafune, nikamwekea vijiti vya mpera vyenye maganda badala ya kijiti laini cha plastiki, nikaficha ulezi ndani ya majani. Na sahani ya maji ya kuoga asubuhi.

*Nikimwona anajinyonyoa, sipigi kelele.* Kelele inamwongezea hofu, au inamfundisha kwamba akijinyonyoa ndipo watu wanamkimbilia. Naweka jani au gunzi karibu, naondoka taratibu.

Ndipo kuzoeana kunapoanza

Nilianza na kiti. Nikakiweka mita mbili kutoka kwenye tundu, nikakaa upande, simkodolei macho. Macho ya ndege huyu yako pembeni mwa kichwa. Anayemtazama kwa macho mawili ya mbele, kwa hesabu zake, ni yule anayetaka kumla. Nikawa nasali pale Masifu ya Jioni kwa sauti ya chini, yenye mwendo uleule kila siku. Kama dakika kumi na tano. Kisha naondoka.

Kila baada ya siku kadhaa nilisogeza kiti kidogo. Hapa kuna kanuni moja ambayo ndiyo moyo wa somo lote: akionyesha hofu, mimi ndiye ninayerudi nyuma. Hofu yake nilijifunza kuisoma. Manyoya yakibana mwilini akawa mwembamba kama kidole, macho yakitoka, akiganda, najua nimevuka mpaka. Narudi nyuma hatua moja mpaka apumue. Akijikung'uta, akisafisha manyoya, akisimama kwa mguu mmoja, akisagasaga mdomo wake taratibu kabla ya kulala, hapo yuko salama.

Wiki ya tano niliweza kushika shuke la uwele nje ya tundu, yeye akalidonoa kupitia nyaya. Baadaye mkono ndani ya mlango, bila kusogea. Anakuja akitaka. Asipotaka, shuke narudi nalo, hakuna kununa. Siku nyingine mlango wa tundu naufungua kabisa, madirisha ya chumba yakiwa yamefungwa, na simwiti. Hakutoka kwa siku nyingi. Alikaa mlangoni tu, anaangalia.

Siku aliyopanda kidole changu haikuwa sikukuu yoyote. Ilikuwa Jumanne ya kawaida, umeme umekatika, mimi nasali nikiwa nusu nasinzia. Nikahisi vikucha. Nilitamani kupiga kelele ya shangwe. Badala yake nikaendelea na zaburi, sauti ileile. Akakaa kama nusu dakika, akarudi kwake. Nikamwacha arudi.

Nadhani kule kumwacha arudi ndiko kulikomfanya aje tena kesho yake.

Sasa ile sababu nyingine

Nimeomba ruhusa ya mhusika kuandika haya, na baadhi ya mambo nimeyabadilisha asitambulike.

Wiki tatu kabla Chiku hajaja, tulikuwa na semina ya vijana. Kulikuwa na kijana aliyerudi kanisani baada ya muda mrefu na mambo mazito nyuma yake. Mimi kwa furaha yangu nikamsimamisha mbele ya wote, nikamwomba atoe ushuhuda. Akasema sitaki. Nikamsukuma kidogo, kwa upole, kwa tabasamu, vijana wote wakapiga makofi kumtia moyo. Akasimama. Akasema sentensi mbili. Nikamuuliza maswali, akaitikia kila kitu: ndiyo Frateri, ndiyo Frateri. Mikono imetulia pembeni, macho hayasogei. Jioni ile nikamwambia Katekista, "Mungu ni mwema, yule kijana amepata amani."

Jumapili iliyofuata hakuja. Wala iliyofuata, wala ile nyingine. Na mimi nikasema labda dunia imemvuta tena.

Unaelewa sasa kwa nini maneno ya daktari yalinichoma. Nilikuwa nimemshika mtu kwa taulo. Taulo laini, taulo la maneno ya dini, lakini taulo. Na kuganda kwake nikakuita amani.

Mungu hatukamati

Nilirudi kwenye Maandiko nikiwa na swali hili, na nikaona mambo ambayo nilikuwa nayapita haraka.

Soma 1 Fal 19. Eliya amekata tamaa, anaomba afe. Mungu anafanya nini kwanza? Hamuulizi swali hata moja. Anamwacha alale. Malaika anamletea mkate na maji. Analala tena, anakula tena. Ndipo safari, ndipo pango, na ndipo swali linapokuja. Usingizi, chakula, muda, halafu mazungumzo. Sisi mara nyingi tunaanza na mazungumzo.

Soma Lk 24:28-29. Wale wawili wa Emau wamefika kijijini kwao. Yesu, ambaye mioyo yao ilikuwa inawaka kwa ajili yake, anafanya kama anapita kwenda mbele. Hajikaribishi. Anawaachia nafasi ya kumwalika, na hiyo ndiyo nafasi ya kutomwalika. Na Yn 6:67, watu wengi wameshaondoka, anawauliza Thenashara kama nao wanataka kwenda. Mwalimu mwingine angefunga mlango. Yeye aliuonyesha.

Waswahili husema aliyeumwa na nyoka akiona unyasi hushtuka. Kosa si la unyasi, lakini pia si la aliyeumwa. Mtu aliyeumizwa na mzazi, na mchumba, na mtu wa Kanisa hata, akikushtukia wewe uliye mwema, usimkasirikie. Wewe ni unyasi. Kaa pale, usitikisike sana, mpe muda aone kwamba huumi.

Lugha yetu yenyewe inatufundisha. Amani, imani, amana, na ile amina tunayofungia sala, yote yana asili moja: jambo thabiti, la kutegemewa. Chiku aliachwa kwangu kama amana. Mtu anayeanza kukuamini naye anaweka amana mkononi mwako. Amana haibanwi, inatunzwa. Na Aristotle, katika kitabu chake cha maadili, anakumbusha msemo wa watu wake kwamba watu hawajuani mpaka wamekula chumvi pamoja kwa muda mrefu. Chumvi hailiwi kwa kikombe, ndugu yangu. Inaliwa kidogo kidogo, mlo kwa mlo.

Na wewe unayejinyonyoa

Wapo miongoni mwetu ambao hatuna manyoya lakini tunajinyonyoa. Kuna anayetafuna kucha mpaka damu, anayejing'oa nywele, anayejikata kwa siri, anayejitukana kila usiku. Kama ni wewe, kwanza ujue sikuandiki hapa kukushangaa. Pili, fuata utaratibu wa Chiku: anza kwa daktari. Sala haishindani na hospitali. Nenda kituo cha afya, mweleze daktari au mshauri, na mwambie mtu mzima mmoja unayemwamini, leo, siyo ukishajirekebisha. Kama unahisi huwezi kukaa salama usiku huu, usikae peke yako, mwamshe mtu. Na wewe rafiki yake, usimpigie kelele wala usimhubirie. Kaa naye, na umsindikize.

Angalizo dogo

Kuna watakaosema, Frateri, watu wana njaa wewe unalea ndege. Swali zuri. Katekisimu ya Kanisa Katoliki (KKK 2416-2418) inaweka mambo sawa: wanyama ni viumbe vya Mungu, tunawiwa kuwatendea kwa upole, ni kinyume cha heshima ya mwanadamu kuwatesa bila sababu. Lakini pia haifai kuwatumikia kwa fedha na mapendo yanayowastahili watu. Chiku anakula ulezi wa bei ndogo na gunzi la bure. Ila Mtakatifu Tomaso wa Akwino aliona kwamba anayezoea kumhurumia mnyama anaelekea kumhurumia na mtu. Kwangu mimi imekuwa hivyo hasa. Kama ndege huyu asingenifanya nimtafute yule kijana, ningesema nilipoteza muda.

Maana nilimtafuta. Nilimkuta gereji anakofanya kazi, mikono imejaa oili. Nikamwambia: "Siku ile nilikukosea. Ulisema hutaki, nikakulazimisha. Naomba unisamehe. Huna deni la kuniambia chochote." Akafuta mikono kwa kitambaa, muda mrefu. Akasema, "Sawa, Frateri." Basi. Nikaaga nikaondoka, na njiani nilijizuia sana nisigeuke nyuma.

Jumapili mbili baadaye alikuja. Akakaa benchi la mwisho, karibu na mlango. Mzee mmoja wa kamati akataka kumsogeza mbele, nikamwomba amwache. Mpaka leo anakaa palepale. Siku hizi Misa ikiisha hutusubiri tusalimiane. Hatujaongea la maana bado.

Na Chiku? Manyoya yameota, ila kuna sehemu ndogo kifuani, kama ukubwa wa kucha, ambayo daktari anasema huenda isiote tena. Ikinyonyolewa sana mizizi hufa. Nilihuzunika. Halafu nikakumbuka Yn 20: Bwana amefufuka, na alama za misumari bado zipo. Hakuzificha kwa Tomaso. Kupona si lazima kufute kovu.

Ya kujiuliza wiki hii

1. Nani katika familia, shule au jumuiya yangu "ametulia," nami sijawahi kujiuliza kama ni amani au ameganda?
2. Nikimwalika mtu asali, aimbe, atoe ushuhuda au aniambie siri yake, je, anaweza kusema hapana na bado nikampenda vilevile?
3. Mimi mwenyewe, ni kona gani ya maisha yangu ambako namwogopa Mungu kana kwamba amekuja kunikamata?

Tusali

Bwana Yesu, wewe unatusogelea kwa hatua tunayoiweza. Tuponye haraka yetu. Utufundishe kurudi nyuma hatua moja mtu anapoogopa, na kubaki karibu anapotuhitaji. Wanaojiumiza kwa siri uwape leo mtu mmoja wa kumwamini. Na sisi tulioumiza wengine kwa jina lako, utupe ujasiri wa kwenda kuomba msamaha, bila kudai jibu. Amina.

Nikumbukeni kwenye sala zenu, nami nitawakumbuka. Jioni ya leo tena nina Masifu na kiti changu konani.